Sura Uliyonishonea

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini ulinifunza mwenyewe kwamba mtu haanzi kumweleza mkubwa shida zake kabla ya kumwamkia. Leo ni Ijumaa, saa nane mchana. Nimekaa kwenye kiti chako mbele ya cherehani, na ninakuandikia nyuma ya maandalio yangu ya masomo ya mwaka jana kwa sababu karatasi zimeadimika. Chungu chako cha jikoni, kile chenye ufa mdogo shingoni, kipo hapa chini karibu na miguu yangu. Nimetumwa nikichukue, na ninaogopa kukigusa tena.

Baba anakisubiri kabla jua halijazama. Kesho asubuhi ukoo mzima unakutana uani kwake, na chungu hiki kitavunjwa ili aliyekuua afe, na watoto wake wamfuate, na watoto wa watoto wake, mpaka asibaki mtu wa kuwasha moto katika nyumba ile. Amesema lazima kiwe chungu kilichokupikia wewe. Unayajua maneno yanayosemwa pale. Ulikuwa ukisikia mtu anayataja hata kwa mzaha unainuka na kwenda zako. Baba anakaa benchi la mbele kanisani, lakini kwa hili hataki mchungaji aambiwe.

Anayevunjiwa chungu ni Mama Mdogo, mjane wa mdogo wenu, mama yake Frida. Na aliyemtaja ni mimi.

Naogopa, Shangazi. Utaona mwandiko wenyewe. Mwalimu mzima wa darasa la tatu naandika kama mtoto aliyepewa kalamu jana.

Nianzie kwenye vitabu, maana yote yametoka humo. Unakumbuka yule Mwingereza wa shamba la kahawa kule chini, uliyemfanyia kazi za ndani miaka yote ile? Mashamba yalipochukuliwa na serikali na wao wakafungasha, bibi mwenye nyumba aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu. Wenzako walichukua sufuria, mablanketi, mmoja akachukua kitanda cha chuma akakipandisha huku kwetu Kirua kichwani. Wewe ulichukua cherehani, na sanduku la vitabu. Watu walikucheka njia nzima. Hawakujua kwamba bibi yule alikuwa akikusomea barazani unapopiga pasi, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kubishana naye kuhusu nani muuaji. Kiingereza chako chote kilitoka huko. Ndiyo maana ulikuwa hujui kuomba chumvi kwa Kiingereza lakini ulijua kusema sumu, wosia, nyayo na alibi, ule ushahidi wa mtu kwamba hakuwepo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuja kwako kukwepa kuchuma kahawa. Ulinikalisha juu ya gunia, ukafungua kitabu kilichonuka moshi, maana ulivihifadhi darini juu ya meko visiliwe na mchwa, ukanisomea habari za mwenye nyumba kubwa aliyekutwa amekufa siku ya mnada wa farasi wake. Ulikuwa unasoma kwa Kiingereza, unanieleza kwa Kiswahili, na pakifika pa kutisha kweli unahamia Kichagga. Saa kumi jioni, jua bado linawaka, nilishindwa kuvuka migomba kwenda kwetu. Kila jani kavu likitikisika niliona mtu mwenye koti refu. Ilibidi unisindikize.

Hofu ile ilikuwa tamu. Tulikuwa tunaitafuta. Tunakaa hapa na kiburu chetu cha ndizi na maharage kwenye sahani moja, mvua inapiga bati, na huko Uingereza ukungu umeshuka, kengele inalia, mtumishi anapanda ngazi na trei ya chai, anagonga mlango haufunguliwi. Wewe unasimama hapo makusudi unakwenda kuongeza kuni. Nilikuwa nakuchukia dakika hizo. Halafu ulinieleza mambo ambayo mwandishi hakujua kwamba hatuyajui: kwa nini wanawasha moto sebuleni na si jikoni, kwa nini mtu anabadili nguo ili ale chakula cha jioni, kwa nini kasisi wao anaoa halafu bado anaitwa kasisi. Hofu ya vitabu ilikuwa na mwisho wake. Unafunga kitabu, unakwenda kukata majani ya ng'ombe.

Hii ya leo sijui inafungwaje.

Na ile sheria yako. Sijawahi kumweleza mtu mjini, wataniona nimerogwa na vitabu. Sura ya mwisho ya kila kitabu uliishona. Ulichukua sindano ya mkono na uzi mweupe, ukashona kurasa zote za mwisho pamoja kandokando, mshono mzuri kama wa pindo la sketi, na mkasi ukauvaa shingoni kwa utepe. Hakuna kukata uzi mpaka nikutajie muuaji ni nani, alifanyaje, na kwa nini. Nikishasema, unatafuna mshono kwa mkasi polepole huku unanitazama. Na karibu kila mara nilikosea.

"Haikaeli," uliniambia, "wewe humtafuti muuaji. Unamtafuta usiyempenda."

Wewe hukukosea hata mara moja. Nilipokuuliza siri yako ulicheka, ukasema umekaa katika nyumba za Wazungu muda mrefu, na Mzungu husahau kwamba yaya yupo chumbani. "Mtafute anayeosha vyombo," ulisema. "Huyo ndiye anayejua." Nilikariri maneno hayo kuliko nilivyokariri katekisimu. Sikuyasikiliza.

Sasa nikwambie yaliyotokea baada yako.

Ulikufa Alhamisi. Ujumbe ulinikuta shuleni Pasua katikati ya kipindi cha hesabu. Nilipofika Kirua ilikuwa alasiri, ulikuwa umelazwa kitandani umeshaogeshwa, shuka safi, nywele zimechanwa. Mama Mdogo alikuwa kapiga magoti pembeni, peke yake. Nililia, nikazimia, majirani wakanitoa nje kunipepea, na nilipofumbua macho kitu cha kwanza nilichokiona ni kata lako, kibuyu cha kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi. Lilikuwa limefudikizwa juu ya jiwe mlangoni, linachuruzika maji. Nililinusa. Lilinuka sabuni.

Sabuni, Shangazi. Mwaka huu ambapo mjini tunafulia majani ya mpapai na kuosha sufuria kwa majivu. Ambapo ukisikia sabuni imefika duka la ushirika unaacha darasa unakimbilia foleni. Nani anaosha kata la mbege kwa sabuni, na maiti imelala ndani? Hapo hapo machozi yalikauka. Naona aibu kuliandika hili. Nilihisi kitu kikiamka ndani yangu, kile kile cha sura ya kwanza. Nilijua kwamba nimo ndani ya kitabu.

Siku tatu nilikusanya. Jirani aliniambia Mama Mdogo alionekana akija kwako kila jioni na kata limefunikwa jani la mgomba. Nikakumbuka ugomvi wenu wa mpaka, ule wa masale, ile mimea ya mpaka, yaliyong'olewa na kupandwa hatua mbili ndani ya kihamba chako, shamba lako la migomba, mkanuniana zaidi ya mwaka. Sasa mtu mliyenuniana anakuletea mbege kila jioni? Na siku ile ya mwisho alikuwa yeye tu.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu wote wamejaa hapa ndani, nikasimama. Hapa hapa, kati ya cherehani na mlango. Niliwaomba wanyamaze. Niliongea kama wanavyoongea kwenye sura zile ulizozishona: nikataja kata, nikataja sabuni, nikataja masale. Nilitembea huku na huku. Nilikuwa na sauti nzuri, Shangazi, sauti ya darasani. Kisha nikamgeukia Mama Mdogo.

"Jioni ile ya mwisho ulimletea kata?"

"Nilimletea."

"Ulionja wewe kwanza?"

Alitazama chini. Unajua uzito wa swali lile. Kwetu hakuna anayempa mwenzake mbege kabla hajalowanisha midomo yake mwenyewe mbele ya macho yake. Hata watu wanaopendana. Hata mke na mume. Asiyeonja ana lake jambo. Huko nyuma ng'ombe wako alikuwa akicheua.

"Sikuonja," alisema.

Nikwambie ukweli wote kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepatia kabla uzi haujakatwa, na nilijuta tu kwamba hukuwepo kunisikia. Ndipo nikaona uso wa Baba, na furaha ikaanza kunitoka. Katika vitabu vyetu, msema kweli akishamtaja muuaji, anakuja polisi mpole na kofia yake, wanaondoka naye, kitabu kinaisha. Sikufikiri kwamba huku kwetu sura inayofuata ni chungu.

Miezi miwili imepita. Watu wanapita njia ya juu ili wasipite mbele ya nyumba ya Mama Mdogo. Maziwa yake hakuna anayeyanunua, anawapa ndama. Kwenye kisima cha chini wanawake wanasubiri atoke ndipo wachote. Frida hajakwenda shule, ni wiki ya tatu sasa, kwa kuwa hakuna mtoto anayekubali kukaa naye dawati moja. Ana miaka kumi na mbili. Juzi nilikutana naye amebeba majani, akaniamkia "Shikamoo dada" kama kawaida, akasubiri niitikie. Niliitikia huku natembea.

Na Mama Mdogo mwenyewe hajasema lolote la kujitetea. Baba amemwita mara tatu mbele ya wazee, mara tatu amekaa na khanga yake mabegani akasema, "Mungu anajua." Wazee wamelichukua hilo kuwa kukiri. Ila mimi amenisemesha mara mbili njiani, na mara zote mbili aliniuliza kitu kimoja.

"Mwanangu, kile kitabu cha Shangazi yako, umekimaliza?"

Mara ya kwanza nilimwambia, "Kinakuhusu nini?" Mara ya pili sikumjibu kabisa. Niliwaza kwamba mwenye hatia siku zote hutaka kujua mpelelezi amefika wapi. Ona nilivyo hodari.

Kitabu chenyewe ni kile cha mwisho sandukuni, kile cha nyumba ya kisiwani na mpishi mpya. Tulikuwa tumebakiza sura mbili kabla ya ile uliyoishona. Jumamosi ile ya mwisho ulichoka mapema, ukasema nirudi wiki ijayo tumalize, na wiki ijayo ndiyo hiyo nilikuja kukuzika. Sikutaka kukifungua. Nani angenishikia mkasi? Nilikirudisha darini mwenyewe siku ya matanga, nikaapa kwamba kitabaki kimeshonwa mpaka nife.

Leo Baba kanituma chungu. Nimeingia jikoni kwako, nimekishika masikio mawili, nimekitoa kwenye mafiga, nimekileta mpaka hapa sebuleni. Nikashindwa kuvuka kizingiti. Wazee wanasema chungu cha namna hii kikishatoka nje ya nyumba kimekwisha kuanza safari. Na wanasema tena jingine: kikivunjwa kwa mtu asiye na kosa, hurudi kumtafuta aliyemtaja. Sikuwahi kuyajali hayo, nimesoma, nina cheti. Nimesimama mlangoni na cheti changu chote miguu haikwenda. Nikaona niketi kidogo. Nikaona nisome, kama zamani, nipate kuogopa kitu kingine.

Nilipanda darini nikateremsha kitabu. Nikasoma sura mbili zilizobaki, nikafika kwenye mshono wako. Mkasi bado upo msumarini ulipoutundika. Nikakata, Shangazi, bila kutaja muuaji. Nisamehe. Ni mara ya kwanza nimekata uzi kabla ya kusema.

Karatasi ikadondoka mapajani.

Sitaandika barua yako yote hapa, unajua ulichoandika. Ulianza kwa kunitania: "Muuaji ni daktari. Najua wewe umesema ni mpishi." Kweli, Shangazi, moyoni nilikuwa nimesema ni mpishi. Halafu ukaniambia kwamba daktari mwingine, wa hospitali ya mjini, alikwambia tangu Pasaka kuwa moyo wako umepanuka, usibebe kitu, usile chumvi, na ujiandae. Kwamba miguu ilikuwa inavimba. Kwamba usiku ulilala umeketi. Kwamba Mama Mdogo alikuja siku zile zile za Pasaka na jani la isale mkononi kuomba msamaha wa mpaka, ukalipokea kama desturi inavyotaka, na mlipomaliza kulia ukamwambia yeye tu. Kila jioni akawa anakuletea uji mwembamba usio na chumvi, katika kata, umefunikwa, ili anayepita adhani ni mbege na asiulize maswali.

Uji wa mgonjwa. Nani kwetu anaonja uji wa mgonjwa?

Nilisoma mstari huo nikaona giza. Alisema kweli mbele ya ukoo mzima: hakuonja. Swali langu lilikuwa la mbege na kata halikuwahi kuwa na mbege hata siku moja. Na hakuweza kusema ni uji bila kusema wewe ni mgonjwa, na ulikuwa umemwapisha. Umeandika hivyo mwenyewe: asimwambie Baba, maana Baba angekuhamishia kwake na kukujazia chumba watu wa maombi kila jioni, usisome hata ukurasa. Wala asiniambie mimi, mpaka nimalize kitabu hiki kwa mkono wangu. "Ukijua, Jumamosi zetu zitakwisha," umeandika. "Utaanza kuniangalia mimi badala ya kuangalia kitabu. Nilitaka tusome, si tuuguzane." Na ukamhakikishia kwamba haitakuwa siri ndefu. Haikaeli, ulimwambia, hawezi kukaa wiki mbili bila kukata uzi.

Nimekaa miezi miwili.

Miezi miwili amebeba kiapo chako, watu wanampa mgongo, mwanawe hana dawati, na kesho ana chungu, na alichoweza kufanya bila kukuvunjia neno ni kuniuliza mimi njiani kama nimemaliza kitabu.

Sabuni nayo nimeielewa, hukuiandika lakini hata mimi naweza. Jioni ile ya mwisho ulitapika. Ulipokata roho alikuosha wewe, akafua shuka, na mchana akaosha kata, ili wanaokuja kulia wakukute safi kama ulivyopenda. Kile kipande cha sabuni alikuwa amekiweka kwa ajili ya Frida, kwa siku ya kipaimara, alinionyesha mwenyewe mwaka jana kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Wewe ulisema mtafute anayeosha vyombo, ndiye anayejua. Hukusema ndiye anayeua. Mimi nilimtafuta, nikampata, na badala ya kumkalisha nimwulize anajua nini, nikamsimamisha mbele za watu.

Na dalili zote zilikuwa mbele ya pua yangu. Ulifumua viatu vyako ubavuni ukaniambia ngozi imekakamaa kwa mvua. Supu yako ya ndizi, mtori wako, ukawa hauna chumvi, nikakutania kwamba hata wewe sasa umeishiwa, ukakubali haraka, chumvi imeadimika. Ukaacha kutembea kwenda kanisani, ukasema mahubiri yamekuwa marefu. Mito miwili kitandani kwa mtu mmoja. Mpelelezi gani mimi. Kila Jumamosi nilikuwa nasoma kitabu kweli, sikukuangalia, kama ulivyotaka. Sijui kama nikushukuru au nikugombeze. Nimefanya vyote viwili hapa peke yangu kwa sauti, ng'ombe wa jirani wamenisikia.

Sasa ni saa kumi. Nimesikia Baba akiita kutoka ng'ambo ya mfereji. Nimeendelea kuandika.

Acha nikwambie na baya kabisa, ndipo nimalize. Baada ya kusoma barua yako nilikaa na kitabu mapajani, nikatazama sindano yako. Ipo palepale kwenye kitambaa. Uzi mweupe upo. Nikawaza: hakuna anayejua. Mama Mdogo hatasema hata kesho, nimeshamjua. Nikiirudisha barua na kuishona sura upya, mshono ule ule, Baba atabaki na binti aliyesoma, aliyefichua muuaji wa dada yake. Amewaeleza watu wa Kirua nzima, ukimpa nafasi atawaeleza na wa Moshi. Nikaishika sindano, Shangazi. Nikatia uzi kwenye tundu. Mkono uliokuwa ukitetemeka siku nzima ulitulia kwa dakika ile, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, zaidi ya chungu na zaidi ya Baba. Nilikuwa nimemwona mtu mwenye koti refu, na alikuwa amekaa kwenye kiti chako.

Nimeutoa uzi. Sindano nimeichomeka mahali pake.

Naogopa bado, usidhani hofu imekwisha. Naogopa uso wa Baba. Naogopa wazee watasema nimelishwa kitu, au kwamba nimeiandika barua hii mwenyewe, maana nani mwingine anajua kuandika kama wewe ila mwanafunzi wako. Naogopa kwamba maneno yangu ya kwanza yameshasemwa na hayasikii marekebisho. Zaidi naogopa mlango wa Mama Mdogo. Isale halikataliwi, najua, lakini najua pia kwamba mtu anaweza kulipokea jani na macho yake yasikupokee, na nitastahili.

Lakini hiki ndicho nitakachofanya, nakuahidi, na wewe unajua sijawahi kukuahidi kitabu nisikimalize. Chungu chako hakitavuka kizingiti kwenda kwa Baba. Nakirudisha kwenye mafiga. Kuna unga kidogo kwenye kopo lako la majani ya chai, na kuni zipo. Nitapika uji mwembamba, bila chumvi, mpaka chungu kijae. Nitakwenda pale kwenye mpaka wenu nichume jani la isale kutoka kwenye yale yale mliyogombania, nitachukua kata lako, na nitashuka kwa Mama Mdogo kabla jua halijazama, kupitia njia ya chini, mbele ya kila mtu. Kesho asubuhi nitasimama uani kwa Baba kabla hajafungua kinywa, nisome barua yako kwa sauti ile ile niliyomtajia, neno kwa neno, hata pale uliponitania. Na Frida nitaongozana naye Jumatatu mpaka dawatini, nikae naye kipindi kizima; nikifukuzwa kazi Pasua, na nifukuzwe.

Vitabu nitavisoma tena, Shangazi. Nilifikiri leo ningevichoma. Lakini Frida hajui Kiingereza bado, na mtu atakayemshonea sura ya mwisho ni lazima apatikane.

Lala salama. Kiti chako nimekirudisha kilipokuwa. Sasa naweka kalamu, naenda kuwasha moto, na nikifika kwake nikamkabidhi kata, ujue kwamba mkono utatetemeka, uji utamwagika kidogo, na ingawa ni uji tu na hakuna desturi inayonidai, nitaonja mimi kwanza.

Haikaeli wako